Skrini ya E Ink ya rangi: namna ya kupata picha safi na kupunguza kusubiri

Kabla hujagusa setingi yoyote, jua kwanza ndani ya kifaa chako kuna skrini ya aina gani, maana naona watu wengi wanafuata ushauri wa skrini ambayo sio yao alafu wanalalamika haufanyi kazi. Skrini za rangi za E Ink, yani zile zinazofanana na karatasi, zilizoko sokoni ni koo mbili, na zinatofautiana sana.

Ukoo wa kwanza ni Kaleido. Hii ni ileile skrini ya nyeusi na nyeupe tuliyoizoea kwenye vifaa vya kusomea vitabu, ila juu yake wameweka kichujio chenye vidoti vya nyekundu, kijani na bluu. Utaikuta kwenye Kobo Libra Colour na Clara Colour za 2024, Kindle Colorsoft ya mwaka huohuo, na tableti za rangi za Boox. Kinachotembea ndani ni chembe nyeusi na nyeupe tu kwa hiyo inabadilika haraka, shida ni kwamba kile kichujio kinakula mwanga, ndo maana ukizima taa kila kitu kinaonekana kimefubaa. Na kwenye Kaleido 3 maandishi meusi yanapata nukta 300 kwa inchi lakini rangi zinapata 150 tu, yani nusu.

Ukoo wa pili hauna kichujio, chembe zenyewe ndo zina rangi. Humo kuna Gallery 3, ambayo reMarkable Paper Pro imejengwa juu yake, kuna zile paneli za rangi saba za miaka ya nyuma, na kuna Spectra 6 iliyotangazwa 2023 ambayo sasa hivi wapenda vifaa wanainunua sana, hasa ile ya inchi 7.3 yenye pikseli 800 kwa 480, unaiunganisha na ESP32 (kichipu kidogo chenye WiFi) au Raspberry Pi (kompyuta ndogo) unajitengenezea fremu ya picha ya ukutani. Rangi zake ni sita: nyeusi, nyeupe, njano, nyekundu, bluu na kijani. Basi. Kahawia haipo, pinki haipo, hata kijivu hakuna, zingine zote unazoziona ni jicho linadanganywa kwa vidoti vya hizo sita vilivyopangwa karibukaribu.

Nitakaa sana kwenye Spectra 6 kwa sababu huko ndo kuna kazi ya kufanya kwa mikono. Kaleido nitaigusa mwishoni, kule mambo mengi ni setingi tu.

Kwanza uelewe inachelewa wapi

Ndani ya paneli kuna kimiminika, na chembe zenye chaji za umeme zinaelea humo. Ukiweka volti chanya chembe fulani zinapanda juu, ukiweka hasi zinashuka, na volti zenyewe sio ndogo, ni kama 15 kwenda juu na 15 kwenda chini. Kwenye skrini ya nyeusi na nyeupe kazi ni nyepesi, moja ipande moja ishuke. Lakini ukiwa na chembe za rangi kadhaa kwenye kikombe kimoja huwezi kusema tu "nyekundu njoo juu", inabidi uzitikise zote, uzichanganye upya, alafu uzitenganishe kidogokidogo kwa mapigo marefu na mafupi mpaka ile unayoitaka ibaki juu, kama mtu anavyopepeta mchele kwenye ungo. Ule mwako unaouona, skrini inageuka nyeusi, nyeupe, inacheza cheza na rangi za ajabu, ndo upepetaji wenyewe. Haijaharibika.

Huo mpangilio wa mapigo unaitwa wevufomu, na umeshaandikwa na kiwanda ndani ya paneli au ndani ya chipu yake. Kwenye Spectra 6 unachukua kama sekunde 12 mpaka 30 hivi kutegemea ukubwa wa paneli na joto, na zile za rangi saba za zamani zinaweza kwenda nusu dakika na kitu. Gallery 3 wamebana sana, rangi ya haraka nusu sekunde na rangi nzuri kabisa sekunde moja na nusu, ila hiyo ni paneli nyingine na kontrola (chipu inayoiendesha) nyingine na bei nyingine kabisa.

Sasa mtu akisikia "polepole" kitu cha kwanza anachokimbilia ni kuongeza spidi ya SPI, yani njia ya waya inayopeleka data kwenye paneli. Hebu tupige hesabu. Pikseli 800 mara 480 ni 384,000, kila moja inatumia biti 4, maana yake baiti moja inabeba pikseli mbili, jumla baiti 192,000. Kwa SPI ya megahezi 4 hiyo inapita kwa sekunde 0.4 hivi. Ukipandisha mpaka megahezi 20 inapita kwa sekunde 0.08. Umeokoa theluthi ya sekunde kwenye kitu kinachochukua sekunde 20, na kama waya zako ni zile ndefu za majaribio umejiongezea uwezekano wa data kuharibika njiani na kupata mistari ya ajabu. Achana nayo, megahezi 4 mpaka 10 inatosha kabisa.

Muda unaopotea kweli uko sehemu zingine. Ya kwanza, na hii naikuta kwenye kodi (maelekezo ya programu) karibu zote za mfano, ni ile amri ya Clear. Kodi inawasha paneli, inaifuta yote iwe nyeupe, alafu ndo inaweka picha. Kufuta ni rifreshi nzima kamili, yani skrini inachorwa upya yote! Kwa hiyo unasubiri mara mbili kwa picha moja. Wevufomu ya rangi yenyewe inaanza na kusafisha, huna haja ya kufuta kabla. Toa hiyo mistari, weka picha moja kwa moja, muda unakatika nusu hapohapo bila kununua chochote.

Ya pili ni kusubiri kwa kubahatisha. Kuna watu wanaandika "subiri sekunde 40" ili wawe na uhakika. Paneli ina pini ya BUSY, isome, ikikuambia imemaliza endelea na kazi. Na angalia vizuri upande wake, kuna paneli ambazo BUSY ikiwa chini ndo bado inafanya kazi na zingine ni kinyume chake, ukichanganya hapo unazima umeme katikati ya rifreshi na unapata picha nusunusu, rangi zimechoka.

Ya tatu ni kuilazimisha ESP32 ipakue JPEG kubwa kutoka mtandaoni, iipunguze, iipangie rangi, alafu ndo itume. Inawezekana ila inachosha betri na memori. Kile kichipu kina kama kilobaiti 520 za memori (SRAM), na ukishawasha WiFi kupata kilobaiti 192 zilizokaa pamoja bila kukatika ni bahati, labda ununue yenye PSRAM, yani memori ya ziada. Andaa picha kwenye kompyuta au kwenye seva yako ndogo, ibane kabisa iwe zile baiti 192,000 tayari, ESP32 ibaki na kazi ya kupokea na kusukuma tu. Alafu seva ilinganishe na picha ya jana, kama hakuna kilichobadilika kifaa kirudi kulala bila kurifreshi kabisa.

Joto nalo lina mchango wake, tena mkubwa. Kimiminika kikipoa kinakuwa kizito, chembe zinatembea kivivu, kwa hiyo kontrola inasoma sensa ya joto inachagua wevufomu ndefu zaidi. Paneli nyingi zimeandikwa nyuzi 0 mpaka 50, ila kuna za rangi saba zilizoandikwa 15 mpaka 35 tu. Ukiwa Dar huwezi kuona tatizo hili mwaka mzima. Ukiwa Makete au Njombe, Julai alfajiri, fremu imetundikwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, utashangaa nyekundu inatoka kama udongo na njano imepauka. Dawa yake sio kodi. Panga rifreshi ifanyike saa nane mchana badala ya saa kumi na moja alfajiri.

Hapo kwenye joto kuna mchezo ambao mafundi wanaupenda. Kwenye paneli kadhaa za nyeusi na nyeupe, ile "fast mode" inayotangazwa na wauzaji ni kuidanganya tu kontrola kwamba kuna joto kali sana ili ichague wevufomu fupi. Kodi ya Waveshare, kampuni inayouza paneli hizi, ya paneli ya inchi 7.5 inatuma amri 0xE0 na 0x02, alafu 0xE5 na 0x5A, ambayo ni 90, yani nyuzi 90! Kwa nyeusi na nyeupe inakubali vizuri tu. Kwa rangi, mi siishauri. Chembe za rangi ndo zinazofika mwisho, ukikata mapigo mapema ndo zinazoachwa njiani, unabaki na nyekundu iliyofifia na mabaki ya picha ya jana yanachungulia nyuma. Kama shida yako ni saa au halijoto inayobadilika kila dakika, weka kipaneli kidogo cha nyeusi na nyeupe pembeni ya kile cha rangi, hicho kinaweza kubadilisha sehemu tu ya skrini bila mwako. Hiyo inafanya kazi kuliko kupigana na fizikia. Na Waveshare wenyewe kwa paneli hizi za rangi wanashauri uache angalau sekunde 180 kati ya rifreshi moja na nyingine, kwa hiyo wazo la kuonyesha video humo lisahau tu.

Picha: hapa ndo kuna ushindi

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kurekebisha kwenye fremu ya mtu, nitachagua paleti. Sio paneli, sio kodi ya SPI, paleti.

Iko hivi. Programu inapobadilisha picha yako kuwa rangi sita inahitaji kujua hizo rangi sita zinafananaje. Kodi nyingi zinaiambia kijani ni 0,255,0, nyekundu ni 255,0,0, yani rangi za televisheni. Lakini kijani ya Spectra 6 ukiitazama kwa macho yako ni kijani ya majani ya mwembe, imekolea imeenda gizani, inakaribia 18,95,32. Nyekundu iko kama 178,19,24. Bluu 33,87,186. Njano ndo angalau ina furaha, kama 239,222,68. Na nyeusi sio nyeusi ya makaa, ni kama 25,30,33. Sasa programu ikikutana na nyasi za 90,130,60 inajisemea kijani yangu ni ya kung'aa sana, ngoja niipunguze kwa kuchanganya vidoti vyeusi, na kwa kuwa kijani halisi tayari ni nyeusinyeusi, unapata uwanja wa mpira unaofanana na lami ya usiku. Halafu mtu anasema paneli mbovu.

Kwa hiyo pima ya kwako, hizo namba nilizotaja ni za kukuonyesha mwelekeo tu. Chora mistari sita mipana, kila mmoja rangi moja tupu, weka kwenye paneli. Toka nje kwenye kivuli mchana, usiende juani na usitumie taa ya ndani, weka karatasi nyeupe ya kuprintia pembeni, piga picha kwa simu ukiwa umefunga mwangaza ili simu isijirekebishe yenyewe. Fungua kwenye programu yoyote ya kuhariri picha, soma namba za kila mstari, alafu gawanya ili nyeupe ya paneli iwe kama 235 mpaka 255. Unafanya hivyo kwa sababu jicho likitazama fremu linaichukulia ile nyeupe ya paneli kuwa ndo nyeupe, hata kama kwa kweli ni kijivu ukilinganisha na karatasi ya pembeni.

Ukishapata namba zako tengeneza kipicha cha pikseli sita, kila pikseli rangi yake iliyopimwa, kiite paleti.png. Kwa anayetumia ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, mstari mmoja unatosha:

magick picha.jpg -auto-orient -resize 800x480^ -gravity center -extent 800x480 -modulate 100,130 -gamma 0.9 +level 10%,100% -dither FloydSteinberg -remap paleti.png tayari.png

Usinakili tu, elewa kila kipande kinafanya nini. Kile cha auto-orient ni kwa picha za simu ambazo zinalala ubavu. Kukata na kupunguza ukubwa kunatangulia kila kitu, maana ukipunguza baada ya kupanga vidoti unaviponda vyote. Modulate inaongeza ukolezaji wa rangi kwa asilimia 30, hapo cheza kati ya 115 na 150 kutegemea picha, za harusi zenye vitenge na kanga hazihitaji sana, za mawingu na bahari zinahitaji. Gamma 0.9 inatia giza kidogo maana kupanga vidoti kwa njia hii kunaelekea kuparuza picha iwe nyeupe: kijivu cha katikati, 128, kwa mwanga halisi ni kama asilimia 22 tu, lakini programu inaweka nusu ya vidoti vyeupe. Na ile +level 10%,100% inabana giza la picha lilingane na nyeusi ya paneli. Hiyo watu wanaisahau kabisa. Picha ikiomba nyeusi kuliko uwezo wa paneli, deni, yani ile tofauti iliyobaki, linasukumwa kwa pikseli za jirani, nao hawawezi kulilipa, linaendelea kusukumwa mpaka kivuli kizima kinakuwa doa moja lisilo na umbo.

Huko kusukuma deni ndo ditha yenyewe. Ya Floyd na Steinberg ni ya 1976 na bado inaongoza: kila pikseli inachagua rangi iliyo karibu, kosa linalobaki linagawiwa kwa majirani wanne kwa mafungu ya 7, 3, 5 na 1 juu ya 16. Ya Bill Atkinson wa Apple inagawa robo tatu tu ya kosa na robo inaitupa, kwa hiyo inatoa picha zenye mkato mkali, nzuri kwa michoro na nembo, ila kwa sura za watu inachoma maeneo meupe na kuzamisha ya giza. Mi kwa picha za watu natumia Floyd na Steinberg. Ukiandika kodi mwenyewe pitisha mstari mmoja kushoto kwenda kulia na unaofuata kulia kwenda kushoto, inaondoa ile michirizi kama minyoo inayojitokeza kwenye anga, na pima ukaribu wa rangi kwa Lab (namna ya kupima rangi inayokaribia jicho linavyoziona) badala ya RGB kama unaweza.

Sura za watu zinahitaji neno la peke yake, tena kwetu huku hasa. Kahawia haipo kwenye hizi paneli, kwa hiyo ngozi nyeusi inajengwa kwa nyekundu, njano, nyeusi, na kijani inayoingizwa kusawazisha nyekundu. Ukisogea karibu na fremu ukatazama shavu unaona vidoti vyekundu na vya kijani vimetapakaa kama mtu amemwagiwa chengachenga za karatasi, na ukiongeza ukolezaji kwa nguvu vinazidi. Mifano mingi ya mtandaoni imejaribiwa kwa ngozi nyeupe ambayo inajengwa kwa vidoti vingi vyeupe na njano, shida haionekani. Cha kufanya: kabla ya ditha inua vivuli vya uso kidogo, kama asilimia 15 ya mwangaza kwenye maeneo ya giza tu, punguza ukolezaji kwenye uso urudi 100 wakati nguo na mandhari zinabaki 130, na hakikisha paleti ni ile uliyopima, maana nyekundu ya 255 kwenye hesabu ndo inayoleta kijani nyingi ya kujisawazisha. Picha iliyopigwa kwenye kivuli cha wazi inatoka vizuri kuliko ya flashi. Alafu rudi nyuma hatua mbili kabla ya kuhukumu, fremu ya inchi 7 haitazamwi kwa umbali wa pua.

Maandishi usiyapitishe kwenye ditha kabisa. Tarehe, jina, halijoto, chochote cha kusoma, chora baada ya picha kuwa tayari, kwa nyeusi tupu au nyekundu tupu, na zima ule ulainishaji wa kingo za herufi maana kingo za kijivu zitageuka vidoti. Tumia fonti nene kidogo. Juu ya picha yenye fujo weka kwanza kiboksi cheupe.

Ukihifadhi, hifadhi PNG au BMP. JPEG hapana. Nimeona mtu ameandaa picha vizuri kabisa alafu ameituma kwa WhatsApp kwenda kwenye simu nyingine, imebanwa kuwa JPEG, kila kidoti kimezungukwa na ukungu, na programu ikaanza kukisia rangi upya.

Hatua ya mwisho ni kubadilisha rangi kuwa namba za paneli, na hapa kuna mtego. Kwenye Spectra 6 ya inchi 7.3 nyeusi ni 0, nyeupe 1, njano 2, nyekundu 3, bluu 5, kijani 6. Nne imerukwa! Ukihesabu tu sifuri mpaka tano bluu na kijani zinaenda kombo. Na ukichukua kodi ya paneli ya rangi saba mpangilio wake ni mwingine, kijani 2, bluu 3, nyekundu 4, njano 5, chungwa 6. Ukiona mtoto kwenye picha ana nywele sawa ila shati la njano limekuwa la bluu, usianze kufungua fremu, angalia hiyo jedwali.

Umeme

Fupi tu. Wakati wa rifreshi paneli inavuta umeme kwa mishtuko ili ipate zile volti 15, na kama chanzo ni dhaifu volti inaporomoka na rangi zinatoka zimechoka upande mmoja wa skrini. Pakua picha, zima WiFi, ndo uanze rifreshi, vitu viwili visivute pamoja. Kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na bodi ya paneli inasaidia sana kwenye betri. Waya fupi. Ule utepe mwembamba unaotoka kwenye kioo usiukunje kwa pembe kali, ukikatika hakuna kuuchomelea. Baada ya rifreshi itume paneli ilale au kata umeme wake kabisa, ikiachwa na volti za juu muda mrefu inaharibika na hairudi. Na kama fremu haibadilishi picha, ifanyie rifreshi walau mara moja kwa saa 24, na ukiiweka kabatini ifute iwe nyeupe kwanza, hapo ndo ile amri ya Clear ina kazi yake.

Usiitundike pia mahali jua la moja kwa moja linapiga, mionzi inaila taratibu. Inahitaji mwanga mwingi wa chumba lakini wa kivuli, na kama unaweka kioo cha fremu mbele chagua kisichoakisi, la sivyo kazi yote ya kontrasti uliyofanya inaishia kuonyesha dirisha.

Wenye Kaleido

Huku kasi inaamuliwa na modi. Skrini za E Ink zina modi kadhaa: ile kamili ya ngazi 16 za kijivu inachukua kama milisekunde 450, ile ya nyeusi na nyeupe ya haraka zaidi kama 120, na hiyo ya haraka inaacha mabaki mengi. Kwenye Boox zinaitwa HD, Balanced, Fast na Ultrafast, na unaweza kuipa kila programu modi yake, ndo njia sahihi. Kitabu na katuni weka HD, kivinjari Balanced, Ultrafast acha kwa kusogeza kurasa ndefu tu. Kama ni Android zima mijongeo yote kwenye setingi za wasanidi, maana kila dirisha linaloteleza linakuwa rifreshi kumi za bure, hiyo peke yake inafanya kifaa kionekane kipya.

Mabaki ya ukurasa uliopita yakikuudhi, weka rifreshi kamili kila ukurasa kwa katuni, kila kurasa sita au zaidi kwa vitabu vya maandishi. KOReader, programu ya kusomea vitabu, inakupa hilo kwa namba, Kobo nayo ina setingi yake.

Rangi zikiwa zimefubaa, washa taa hata mchana. Sio kasoro, ni kile kichujio. Asilimia 20 mpaka 40 ya taa, joto la mwanga karibu na sifuri ili nyeupe isiwe njano, alafu ongeza ukolezaji wa rangi kwenye setingi za kifaa kama zipo. Kwa katuni, badilisha faili kwanza kwa KCC (programu ya kompyuta ya kuandaa katuni) liwe na ukubwa uleule wa skrini, pikseli 1264 kwa 1680 kwa Libra Colour, 1072 kwa 1448 kwa Clara Colour. Kifaa kikilazimika kupunguza picha chenyewe, vidoti vya uchapishaji vya katuni za zamani vinagongana na vidoti vya kichujio, unapata mawimbi ya upinde wa mvua kwenye nguo za wahusika. Ukungu mdogo sana kwenye picha kabla ya kuipunguza unayaua hayo mawimbi, na kwa kuwa rangi ni nukta 150 tu kwa inchi hupotezi chochote cha maana.

Na unapolinganisha setingi, usilinganishe kwa skrinishoti. Skrinishoti inachukua picha iliyoko kwenye memori ya kifaa, haijui chochote kuhusu chembe, kichujio wala mabaki, kwa hiyo zote zitatoka zimependeza sawasawa. Piga picha skrini yenyewe kwa simu, kivulini, mwangaza umefungwa, kurasa mbili zilezile kila mara.